Maswali ya Wasomaji: Serikali inapozima runinga, sheria inasemaje?

Barua zilizotufikia kuhusu vyombo vya utangazaji ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, na nyingi zinarudi kwenye siku moja, Jumatano ya tarehe 25 Juni 2025, ambapo vituo vya runinga nchini Kenya vilikatwa vikiwa hewani. Nimezichagua tano na kuzifupisha bila kugusa hoja za walioziandika. Walioniuliza kuhusu kesi zao wenyewe zilizo mahakamani wanisamehe, kwani hayo ni ya mawakili wao.

Swali. Ndugu Mhariri, siku ya maandamano nilikuwa kwa kinyozi hapa Thika, runinga ikiwa imewashwa pale juu ya kioo. Mtangazaji alikuwa katikati ya sentensi, akieleza hali ilivyo katikati ya jiji la Nairobi, picha ikaganda na kioo kikawa cheusi. Kinyozi alidhani king'amuzi kimeharibika, akakizima na kukiwasha tena, akajaribu kituo kingine. Dakika chache baadaye sote tulikuwa tumeinamia simu. Je, kuna sheria inayoiruhusu serikali kufanya hivyo? (Msomaji, Thika)

Jibu. Kwa maoni yangu hakuna, na nitaeleza kwa nini, ingawa wenye mamlaka walidai ipo.

Siku hiyo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilivipelekea vituo vyote vya redio na runinga barua iliyotiwa saini na Mkurugenzi Mkuu wake, David Mugonyi, ikiviagiza visitishe mara moja matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, na kuonya kwamba atakayekaidi atachukuliwa hatua za kisheria. Sababu zilizotolewa ni kwamba matangazo hayo yanakwenda kinyume na Vifungu vya 33(2) na 34(1) vya Katiba, pamoja na sehemu ya 46I ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Barua yenye namba nyingi za vifungu humtisha msomaji asiyekuwa na Katiba mkononi, kwa hiyo tuvifungue kimoja kimoja.

Kifungu cha 33(2) kinataja maneno yasiyolindwa na uhuru wa kujieleza: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na utetezi wa chuki unaofikia kuchochea watu wa kabila moja dhidi ya jingine, kuwapaka watu matope au kuchochea wadhuriwe. Orodha hiyo ni fupi, na ilifupishwa kwa makusudi. Kifungu cha 34(1) ndicho kinachohakikisha uhuru wa vyombo vya habari, na mpaka wake pekee ni ule ule wa 33(2). Aya inayofuata, ambayo barua haikuitaja, inaikataza Dola kudhibiti au kuingilia kazi ya mtangazaji yeyote, na pia kumwadhibu mtu kwa maoni yake au kwa maudhui ya matangazo yake. Sehemu ya 46I nayo inaorodhesha wajibu wa mwenye leseni, kama vile kukusanya na kutoa habari kwa usahihi na kwa uwiano, kuheshimu faragha ya watu na kuzingatia staha. Kumwonyesha mwandamanaji anavyotembea barabarani na polisi anavyomrushia gesi ya kutoa machozi si kuvunja wajibu hata mmoja kati ya hizo. Ningethubutu kusema ndiyo kuutimiza.

Kuna pia Kifungu cha 24, ambacho ni kipimo cha kila kizuizi. Haki haiwezi kuwekewa mpaka ila kwa sheria, na mpaka huo uwe wa kiasi na unaokubalika katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia, baada ya kutazamwa kama kuna njia nyingine isiyobana sana ya kufikia lengo lile lile. Barua ya Juni haikutaja kipindi, mtangazaji, wala sentensi moja iliyodaiwa kuwa ya uchochezi. Ilipiga marufuku vituo vyote kurusha tukio zima kabla halijaisha. Kama kituo kimoja kilikuwa kimepeperusha wito wa kuchoma maduka, mamlaka ilikuwa na nafasi ya kukitaja kwa jina.

Mahakama haikuchelewa. Chama cha Mawakili Kenya kilikwenda mahakamani, na siku hiyo hiyo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaisimamisha barua ile kwa muda na kuagiza mitambo iwashwe. Vituo vikarudi hewani. Wasomaji wenye kumbukumbu watajua kwamba jaji huyo huyo ndiye aliyetoa amri ya namna hiyo tarehe 1 Februari 2018, siku mbili baada ya NTV, KTN na Citizen kuzimwa kwa kuonyesha kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, akila kiapo cha kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru. Mara ile mambo yalikwenda tofauti. Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alikuwa ametangaza kwamba vituo vitabaki vimefungwa hadi uchunguzi ukamilike, na amri ya mahakama haikumbadilisha nia. Okiya Omtatah, aliyefungua kesi ile, alipoipeleka amri kwenye ofisi za mamlaka alizuiwa kuingia, akaishia kuibandika ukutani. NTV na KTN zilirudi tarehe 5 Februari, Citizen ikakaa gizani hadi tarehe 8.

Hapa pana jambo ambalo mabishano ya vifungu hulificha. Katika visa vyote viwili maofisa, wakisindikizwa na polisi, walikwenda Limuru, kwenye mitambo inayorusha matangazo ya Nairobi na maeneo ya jirani. Hawakumkamata mhariri studioni, wala hawakuhitaji kufanya hivyo. Mtu mwenye ufunguo wa chumba cha mitambo na bunduki mlangoni anaweza kumaliza kazi ndani ya dakika chache, ilhali kesi, hata ikiendeshwa kwa kasi ya ajabu, huchukua saa kadhaa, na katika siku ya maandamano saa hizo ndizo zinazohitajika. Kesi inashinda jioni. Kilichofichwa kilikuwa cha mchana.

Swali. Ndugu Mhariri, ninyi waandishi mnapenda kulia uhuru. Mimi nilikuwa Mombasa mwaka 2007 na nina jamaa waliofukuzwa Bonde la Ufa. Redio za lugha za makabila ziliwasha moto, serikali ikakawia. Je, si afadhali kuwe na mtu mwenye uwezo wa kuzima kabla watu hawajauana? (Msomaji, Kisauni)

Jibu. Swali lako, ndugu yangu, ni zito kuliko barua yoyote niliyopokea mwezi huu, na sitalijibu kwa kukuambia kwamba hofu yako haina msingi. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008 ilisikia malalamiko mengi kuhusu redio za lugha za mama, hasa vipindi vya kupiga simu ambapo wasikilizaji waliachwa waseme watakacho. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji walio wengi wakaikatiza kesi kwa sababu ushahidi haukutosha, bila kumtangaza kuwa hana hatia. Neno linalorushwa kwenye redio linaweza kuua, na mkazi wa ukanda huu hahitaji kuambiwa hivyo na mtu wa mbali.

Lakini mfano mkubwa kuliko wote katika eneo letu unasema kinyume cha unavyotarajia. Redio RTLM ya Rwanda ilianza matangazo Julai 1993, na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 ilisoma majina ya watu na mahali walikojificha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha, katika hukumu ya tarehe 3 Desemba 2003, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza waliohusika kuianzisha, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, na ingawa rufaa ya 2007 iliwapunguzia baadhi ya makosa, hatia ilibaki. Sasa tujiulize ni nani angeizima redio ile. Wenye hisa zake walikuwa watu wa karibu na utawala, Rais Juvénal Habyarimana mwenyewe akiwa miongoni mwao. Swichi ingekuwa mikononi mwa marafiki wa kituo. Anayeomba serikali ipewe uwezo wa kuzima redio huwa anafikiria hatari itatoka upande wa pili, na hapo ndipo ninapotofautiana nawe.

Tukumbuke pia kilichofanyika Kenya. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, mara baada ya matokeo ya urais kutangazwa, Waziri John Michuki alipiga marufuku matangazo yote ya moja kwa moja. Marufuku hayo hayakumchagua mchochezi. Yalimnyamazisha mtangazaji aliyekuwa akiwasihi watu wakae majumbani sawasawa na yule aliyekuwa akiwachochea, na pengo hilo likajazwa na ujumbe mfupi wa simu na minong'ono isiyo na mhariri. Mauaji mabaya kabisa yalitokea marufuku yakiwa bado yanatumika, yakiwamo yale ya kanisa la Kiambaa, lililochomwa moto watu wakiwa ndani, tarehe 1 Januari 2008. Sidai kwamba marufuku yalisababisha mauaji. Ninachosema ni kwamba hayakuyazuia.

Sheria tuliyo nayo sasa inamlenga mtu na maneno yake. Chini ya sehemu ya 13 ya Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, anayetoa matamshi ya chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Udhaifu wake unajulikana: wanasiasa wengi hushtakiwa kwa kelele na kesi zikafa kimya kimya. Huo ni udhaifu wa waendesha mashtaka, na dawa yake haipatikani Limuru. Upande wa vituo, mhariri anayejua kazi yake hapokei simu ya msikilizaji moja kwa moja hewani wakati wa uchaguzi, bali huipitisha kwenye mtambo unaoichelewesha sauti kwa sekunde chache, na mtayarishaji akakaa na kidole juu ya kitufe. Kituo kisichotaka kugharamia jambo hilo kisifungue simu kabisa. Kwa hilo sina huruma nacho.

Swali. Kwenu Kenya angalau mahakama huzungumza. Sisi Tanzania tukitozwa faini tunalipa na kunyamaza. Je, mipaka ya uhuru wa habari kwetu inatofautiana na ya kwenu? (Msomaji, Tanga)

Jibu. Inatofautiana kwa maandishi na kwa mazoea pia, ndugu yetu wa Tanga. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa maoni na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, lakini Ibara ya 30 inaacha mlango mpana wa sheria zinazoweza kuuwekea mipaka kwa ajili ya usalama, amani ya jamii na manufaa ya umma. Katika mlango huo ndimo zilimopita Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016.

Unachokitaja bila shaka ni uamuzi wa Januari 2018, ambapo Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilivitoza vituo vitano, yaani ITV, Channel Ten, EATV, Star TV na Azam Two, jumla ya shilingi milioni 60. Kosa lao lilikuwa kurusha taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu ukiukwaji wa haki uliodaiwa kutokea katika uchaguzi mdogo wa madiwani wa tarehe 26 Novemba 2017. Kituo cha haki za binadamu kinaitisha mkutano na waandishi na kusoma taarifa yake, runinga inairusha, kisha anayetozwa ni runinga. Ukitaka kujua kwa nini baada ya hapo wahariri walianza kupima mara tatu kabla ya kutuma mpiga picha kwenye mkutano wa namna hiyo, sababu ndiyo hiyo.

Mahakama nazo zimezungumza, ingawa nyingine si ya Dodoma wala ya Dar es Salaam. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, katika shauri la Baraza la Habari Tanzania na wenzake, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria ile ya 2016, vikiwamo vya uchochezi, kashfa na habari za uongo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Sheria ilirekebishwa kiasi mwaka 2023, na wadau wengi walisema marekebisho hayo hayakufika mbali.

Si kila shinikizo hupitia kwenye kamati. Machi 2017 Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliingia usiku katika ofisi za Clouds Media akiwa na askari wenye silaha. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliunda kamati ya uchunguzi, akaipokea ripoti yake hadharani, na siku iliyofuata akawa si waziri tena. Watangazaji wa nchi nzima walisoma tangazo hilo wakaelewa kilichomaanishwa bila kuhitaji kanuni mpya.

Swali. Mimi ni mtangazaji wa redio ndogo magharibi mwa Kenya. Hakuna aliyewahi kutuzima. Ila meneja hupigiwa simu, na baadaye mgeni niliyemwalika kipindini huambiwa asije. Je, hilo nalo ni kuingiliwa na serikali, au ni biashara tu? (Mtangazaji, aliyeomba mji wake usitajwe)

Jibu. Ni kuingiliwa, dada yangu au kaka yangu, na ndiko kunakotokea mara nyingi zaidi. Kuzima mitambo ni hatua ya serikali ambayo simu yake haikutosha. Siku chache kabla ya tukio la Januari 2018, wakuu wa vyombo vikubwa vya habari waliitwa Ikulu, na Linus Kaikai, aliyekuwa mwenyekiti wa Chama cha Wahariri, alieleza hadharani kwamba walionywa kuwa watakaorusha kiapo cha Odinga moja kwa moja watafungiwa na kunyang'anywa leseni. Tunaujua mkutano ule kwa sababu baadhi yao walikataa kutii na mmoja akasema. Mikutano ambayo waalikwa wote walitii hatuna habari nayo.

Njia ya pili ni pesa. Serikali na mashirika yake ni miongoni mwa walipaji wakubwa wa matangazo ya biashara nchini, na mwaka 2015 matangazo hayo yaliwekwa chini ya wakala mmoja wa serikali, kwa hiyo ofisi moja ikaweza kumnenepesha mmoja na kumkondesha mwingine, na kumchelewesha wa tatu malipo yake. Machi 2024 Wizara ya Habari iliagiza matangazo ya redio na runinga ya taasisi za umma yapelekwe KBC, chombo cha serikali. Mtu anaweza kutetea uamuzi huo kwa hoja ya kubana matumizi. Ukweli ni kwamba kituo binafsi chenye kipato kidogo kilielewa kwamba njaa inaweza kuagizwa kwa barua.

Redio ndogo kama yenu ina hali mbaya zaidi, kwa sababu pengine tangazo la serikali ya kaunti ndilo linalolipa umeme wa mwezi. Ushauri wangu ni wa kawaida lakini husaidia. Meneja akikuambia umwondoe mgeni, mwombe akuandikie, hata kwa ujumbe mfupi, aseme ni nani aliyeomba na kwa sababu gani. Mara nyingi ombi hufa hapo, kwani anayepiga simu hupenda simu kwa vile haibaki faili. Akiandika, umepata ushahidi wa kumfikishia Baraza la Vyombo vya Habari, ambalo sheria ya 2013 imelipa kazi ya kulinda uhuru wa wanahabari na vilevile kusimamia maadili yao. Asipoandika na akakulazimisha, weka kumbukumbu yako mwenyewe siku hiyo hiyo: saa, jina la mgeni, mada, na maneno uliyoambiwa. Sikushauri ubishane naye hewani. Nimeona vijana wakipoteza kazi kwa namna hiyo, na mada waliyoitetea ikapotea pamoja nao.

Swali. Kwa kifupi tu: mtu wa kawaida kama mimi, mwalimu wa shule ya msingi, naweza kuishtaki serikali kwa kunikatia runinga, au ni kazi ya vituo vyenyewe? (Mwalimu, Voi)

Jibu. Unaweza, Mwalimu. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya haki yake, ya kundi lake au kwa manufaa ya umma, na kinasema hakuna ada inayotozwa kwa kuanzisha shauri la namna hiyo. Kifungu hicho hicho kinaagiza kanuni zake zipunguze masharti ya kimtindo, na mahakama ikilazimu ikubali kuanza na nyaraka zisizo rasmi. Omtatah hakuwa mmiliki wa kituo wala wakili alipofungua kesi ya 2018, na haki uliyonyimwa wewe ni ile ya Kifungu cha 33, inayojumuisha uhuru wa kutafuta na kupokea habari, siyo wa kuzitoa peke yake. Ikitokea tena, andika jina la kituo, saa kilipokatika na saa kilipotoka gizani, piga picha ya kioo pamoja na saa ya ukutani, uliza jirani mwenye king'amuzi cha kampuni nyingine kama naye amekatiwa, kisha upeleke maelezo hayo katika masjala ya Mahakama Kuu iliyo karibu nawe, ambayo kwako ni Voi penyewe.